Waya Bado Uko Kwenye Nailoni

Shoga, nimefukuzwa kazi.

Leo meneja aliwakusanya madereva wa magari makubwa uani, awahimize wahamie haibridi za kuchaji, zile za umeme na mafuta. Sawa, jambo zuri. Mara akamgeukia baba mdogo, naye ni dereva pale, mbele ya wenzake wote: "Mzee, moshi wako unatuua. Mimi haibridi yangu naichaji kila siku, wewe unashindwa nini?"

Kila siku! Shoga, ati kila siku!

Gari lake nalifuta mimi, kila asubuhi, miezi minane sasa. Baba mdogo kainamisha kichwa kama mtoto. Nikashindwa kuvumilia. Nikafungua buti, nikautoa waya wa kuchajia. Bado uko kwenye nailoni yake, haujafunguliwa hata mara moja.

Nikamuuliza, "Bosi, kwani unachaji kwa maombi?"

Madereva walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye akasema, "Kesho usije."

Sasa hivi kanipigia. Salamu hana, samahani hana. Anauliza tundu la kuchajia liko upande gani!

Nimemkatia simu. Alifute gari mwenyewe, ataliona hilo tundu.