Redio Iliyotolewa Kwenye Haraka ya Nini

Mjomba Deo,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila nikianza bila shikamoo nitahisi kofi lako kisogoni. Mimi ni mzima. Bibi anakula sasa, kidogo kidogo. Mpunga wake wa Michenga tumeuvuna, na waliokuja kutusaidia ni madereva wenzako. Nilitaka kukuandikia mapema lakini kila nilipoanza niliishia kuchana karatasi kwa hasira. Leo nimetulia. Sijapoa, nimetulia tu.

Nianze na lililo zito. Nisamehe, mjomba. Mimi pia niliamini kwamba ulikuwa umelewa.

Kwenye mazishi yako Mgaza, yule msimamizi wa magari, alisimama mbele ya watu akiwa na kofia mkononi. Akasema lori lilikuwa na redio kol nzima kabisa, ungebonyeza maiki tu na pale kivukoni wangekusikia. "Lakini mwenzetu, Mungu amrehemu, alikuwa amelala na komoni yake." Watu wakaguna. Hakuna aliyebisha, maana pombe ile ya komoni uliipenda na Ifakara nzima inajua. Watani wetu wakalidaka hapohapo. Mmoja wao, yule mama mnene wa Kingoni, akashika ungo kama usukani, akaulalia na kukoroma, watu wakacheka kama desturi ilivyo. Mtani hakasirikiwi. Mgaza alicheka kuliko wote.

Bibi hakucheka. Alinivuta kanga akaniuliza, "Tekla, kweli Deo alikuwa analewa safarini?" Nikainamisha kichwa. Mama yako aliniuliza juu ya jina la mwanawe nami nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Siku mbili, mjomba. Lori limelala ubavu ng'ambo ya mto na magunia ya Malinyi, mguu wako umebanwa ndani ya kabini, mvua imefunga barabara na hakuna gari lingine linalopita. Kwa sauti ya mdomo kivuko kilikuwa mbali. Kwa redio kilikuwa jirani kabisa, hata ukinong'ona ungefika. Ndiyo maana niliamini. Nilijiambia, redio ile tuliifunga mimi na yeye, haiwezi kushindwa. Basi aliyeshindwa ni yeye.

Unaikumbuka ile Jumamosi? Ulitoboa paa la kabini katikati kabisa, ukaniambia antena inataka bati pande zote, kama mtu anavyotaka ndugu. Ukanipa kisu nikwangue rangi pale ambapo waya wa ethi ungefungwa kwenye bodi. Nikaparaza kidogo, nikasema tayari. Ukasema, "Kwangua mpaka bati likuonee haya." Waya mwekundu ukaupeleka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake, ili hata ufunguo wa gari ukizimwa redio ibaki hai. Wale vijana wa gereji walipocheka kumwona msichana na bisibisi, ukawaambia redio haijui sketi wala suruali. Kisha ukabandika kipande cha plasta ya hospitali ndani ya mfuniko wa redio, ukanipa kalamu niandike jina la gari. Nikaandika Haraka ya Nini, kama ulivyolipaka mbele ya lori lako. Nikakuuliza plasta ya nini na hakuna atakayeiona. Ukasema, "Fundi ataiona."

Fundi ameiona, mjomba.

Baada ya mvua lori lilivutwa na trekta, na redio haikuwemo. Mgaza akasema wezi wa porini wameiiba. Tukaamini na hilo pia, sisi watu wa kuamini. Mwezi uliopita akaleta pikapu yake ya kazi hapa gereji kwetu. Alikuwa na haraka, hata salamu yangu aliipokea akitazama pembeni. Redio yake inanguruma, akasema, akiita kivukoni wanasikia mngurumo tu. Nikaingia chini ya dashibodi. Ethi ameifunga juu ya rangi! Hata kukwangua hakujua. Nikaishusha redio, nikafungua mfuniko, nikakuta plasta na mwandiko wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi ya Mgaza, redio juu ya kifua, machozi yananiingia masikioni. Ndipo nilipokuona vizuri. Nilikuona ukinyoosha mkono pale juu ilipokuwa maiki na kukuta ndoano tupu. Hukuwa umelewa. Hukuwa na kitu cha kuita nacho.

Nitakuambia ukweli wote, wewe hushtuki. Koleo lilikuwa mkononi. Nilitaka kuukata waya wa antena ndani ya ganda lake, mahali pasipoonekana, ili kila akibonyeza aiunguze redio mwenyewe, na siku atakayokwama aite mpaka akauke koo asipate mtu. Nililiweka koleo kwenye waya, mjomba. Kilichonizuia si huruma. Nilifikiri tu kwamba Mgaza akifa porini watamzika vizuri, na wewe utabaki mlevi.

Basi nikaifunga vizuri. Nikakwangua, nikakaza, nikairudisha mahali pake. Saa zile malori yalikuwa kwenye foleni kusubiri pantoni, na tajiri mwenye malori alikuwa ofisini kwenye mashine ya mpunga, pembeni ya redio kubwa. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba mmoja akibonyeza maiki na asiachie, wengine wote wa chaneli hiyo hawana la kufanya ila kusikiliza. Uliwahi kuikalia maiki mwenyewe, tukakusikiliza ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu toka kivukoni mpaka sokoni. Nikachukua ukanda wa tyubu, nikaufunga kwenye kitufe cha maiki, nikailaza chini ya kitambaa changu cha grisi. Nikamwambia Mgaza nimezima kila kitu, aingie akae asubiri waya upoe. Waya upoe! Akaingia.

Nikamuuliza taratibu, kwa adabu zote, kama redio hii si ile ya marehemu mjomba.

Alitazama kulia na kushoto. Tulikuwa wawili tu. Akasema, "Nimeitoa mimi usiku wa kuamkia ile safari. Sasa mimi msimamizi nitembee bubu, halafu dereva ndiyo awe na redio? Yule alikuwa anaitumia kupiga soga tu." Nikamuuliza mbona msibani alisema vingine. Akasema, "Binti, ulitaka niseme nini? Aliyekufa hapungukiwi kitu. Mimi nina watoto wanasoma." Akaniambia nifunge mdomo wangu kama bado naitaka kazi ya gereji.

Nikainua kitambaa, nikafungua ule ukanda mbele ya macho yake. Kisha sauti ya dereva mmoja, sikuitambua vizuri, ikasema, "Tumekupata, Mgaza." Ikafuata ya pili, na ya tatu, foleni nzima mmoja mmoja. Alinitazama, mdomo umemfunguka. Mjomba, sijawahi kushiba kitu kama uso ule.

Jioni ileile tajiri alimnyang'anya pikapu, na kazi akaikosa. Yule mama wa Kingoni alikuja nyumbani bila kuitwa, akapiga magoti mbele ya Bibi akaomba radhi, jambo ambalo mtani halifanyi. Bibi akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Akatoka nje akawaambia majirani kwa sauti, "Mwanangu hakulewa." Alilirudia mpaka tukamshika mkono kumwingiza ndani.

Mgaza yuko kijijini Kisawasawa siku hizi. Ametuma wazee mara mbili. Bibi amemsamehe, anasema hataki kukutana na Mungu akiwa na kinyongo. Mimi nimewapa wazee chai na kuwaambia sijasamehe, na wasirudi kwa ajili yangu. Usinigombeze. Ungekuwa hai ungenigombeza, na ningekusikiliza, lakini ungekuwa hai nisingekuwa na la kusamehe.

Sasa nasikia amenunua Landrova kuukuu, anataka kusomba mpunga wa Malinyi, na amemtuma mtu aniulize kama nitamfungia redio. Nimekubali. Bibi amefurahi, anadhani moyo umelainika.

Pumzika, mjomba wangu. Jina lako ni safi, na mtoto yeyote wa ukoo huu atakayeuliza ulikufaje nitamwambia mimi mwenyewe. Na Mgaza nakuahidi hivi. Redio yake nitaifunga isikosee hata siku moja, maana iko siku naye atakwama ng'ambo ya mto, mvua imefunga, ataita, na mimi nitakuwa nasikiliza. Nitamwitikia. Nitamwambia ataje kwanza jina lako lote, na la baba yako, na alichokifanya, chaneli nzima isikie. Akimaliza ndipo nitatuma trekta.

Mpwa wako,
Tekla