Ziwa Nyasa na Posa ya Skola

Jumatatu, 2 Juni
Nimeanika mpunga. Kuku wameula, nimewafukuza. Mjukuu wangu Skola kapiga simu kutoka Kyela. Waposaji wanakuja Jumamosi. Kijana anaitwa Themba, Mngoni wa Malawi. Nimefurahi. Skola ndiye alinifundisha herufi, mimi ambaye darasa sikuliona. Daftari hili kaninunulia yeye.

Jumanne, 3 Juni
Kaka yangu Kasiano kakataa. Baba yake Skola ni marehemu, kwa hiyo neno la posa ni la kaka. Anasema Malawi wanadai Ziwa Nyasa lote, hadi kwenye mchanga wetu. Sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Kasikia redioni. "Ziwa wanalitaka, na binti tuwape?" Hilo ziwa hajawahi kuliona. Mimi pia.

Alhamisi, 5 Juni
Maharage yameungua. Hasira tu.
Nimeenda sokoni Kashaulili kutafuta kitenge. Nikamuuliza mwalimu mstaafu, yule muuza madaftari, ugomvi ulianzaje. Kasema Mjerumani alikuwa huku, Mwingereza kule. Wakaandikishana karatasi, mpaka wakauweka ufukweni. Baadaye Mwingereza akashika kote, na ramani zake nyingine zikaweka mstari katikati. Kisha akaenda zake. Sasa kila nchi imeshika karatasi inayoipenda.
Watu wasiochota maji pale ndio waliogawa ziwa. Nimemweleza kaka. Kasema neno lake ni lile lile.
Skola analia kwenye simu. Nimemwambia apande basi aje, kulia atalia akifika.

Jumamosi, 7 Juni
Wamekuja wanne. Msemaji wao ni baba mdogo wa kijana, Kiswahili cha kuokoteza. Kaka kaanza na ziwa kabla wageni hawajapewa hata maji. Aibu. Wakainamisha vichwa. Mshenga akashika kofia yake, tayari kuondoka. Skola, aliyefika jana, anachungulia nyuma ya pazia.
Ndipo nikakumbuka. Wangoni walipita Ufipa zamani, wakapigana na babu zetu sisi Wafipa, wakachukua ng'ombe. Kwa vita ile wamekuwa watani wetu, hata msibani tunataniana. Kaka kasahau. Hawa walikuwa watani kabla hawajawa Wamalawi.
Nikasimama. "Nyie wezi. Ng'ombe wa babu zetu mmemaliza, sasa mnataka ziwa na binti?"
Baba mdogo akaniangalia. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.
"Bibi, wale ng'ombe walikuwa wamekonda. Tumekuja kudai fidia."
Kaka alijizuia. Akashindwa, akacheka. Ukishacheka na mtani, huna uso wa kumfukuza. Akaagiza maji yaletwe. Posa imepokelewa.

Jumapili, 8 Juni
Wageni wameondoka baada ya ibada. Wametuachia usipa, dagaa wakavu wa ziwa lile. Nimewaunga na nyanya.
Ugomvi wa ziwa uko pale pale. Sina dawa yake. Skola atahamia ng'ambo Agosti. Mbali. Inaniuma, sitamwambia.
Kaka kala sahani mbili. Hakuuliza walivuliwa upande gani.