Mbegu Ndani ya Zabibu Nyeupe

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Kariakoo. Mwanangu ameota jino. Watu bado wanacheka wakisikia nina mjukuu mkubwa anayelima Dodoma, mpaka niwaeleze kwamba babu yako ni kaka yangu na mimi ni kitinda mimba.

Umeuliza zabibu nyeupe ya mvinyo utaijuaje imeiva, wakati haigeuki rangi. Usiibonyeze, ngozi yake nyembamba. Inyanyue kwenye mwanga utaona mbegu. Zikiwa za kahawia, imeiva.

Marehemu mama ndiye aliyenifundisha, kwenye meza yetu ya zabibu sokoni. Siku moja aliinyanyua moja, akakaa nayo muda mrefu. Mteja akamtania, "Mama, unasoma picha ya eksirei?" Tukacheka. Mama akaniwekea ile zabibu kiganjani, akasema taratibu, "Mwanangu, hebu niangalizie wewe."

Kumbe sukari ilikuwa imeshamharibia macho, na hakumwambia mtu.

Nikaangalia. "Zimeiva, mama."

Akafurahi, akaanza kumfungia mteja kwa kupapasa. Nikageuka nifute machozi asinione, ndipo nikakumbuka kwamba hanioni.

Bibi yako anayekuombea,
Mwanaidi