Aliyebisha Hodi

Ilham mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako hajambo isipokuwa kiuno, na mama yako kenda Sinaw kutafuta mbuzi wa Idi.

Umeniuliza kama kweli watu wa nje hutia mkono, ndugu wa nchi moja wakauana kwa madhehebu. Miaka ya themanini tulikuwa na jirani hapa Ibra, Omani, Mwalimu Hanaa wa Lebanoni. Nchi yao ilikuwa imekaliwa na jeshi la kigeni, na huko kaka yake akauliwa kwa madhehebu yake. Tukaenda kumpa mkono wa taazia, kila mmoja wetu na serikali yake anayoituhumu.

Hanaa hakujua kwamba kwetu aliyetosheka hutikisa kikombe, basi tukawa tunammiminia kahawa, naye anakunywa tu. Mwisho akasema, "Waliomuua labda walitumwa, wallahi sijui. Lakini aliyebisha hodi alimwita kaka yangu kwa jina la utotoni. Ndiyo maana akafungua."

Sote pale tulikimbia mauaji ya Unguja, na siku zote tulisema yaliletwa na wageni. Mimi nikaikumbuka hodi ya siku aliyochukuliwa baba. Mama aliitika "Karibu" upesi, kwani sauti ile aliijua.

Basi msinicheke nikiuliza "Nani?", hata anapobisha babu yako.

Bibi yako