Nilimjibia Mume Wangu Kliniki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mwenzio nimekwama na sina wa kumwambia maana majirani wote walishakuja kutupongeza. Mume wangu ni fundi cherehani, aliugua saratani ya koo, akapigwa mionzi wiki saba, daktari akasema uvimbe umekwisha, ila sauti haikurudi, kwa hiyo mimi ndiye mdomo wake, kwa wateja mimi, kwa wakwe mimi, na tukiwa nyumbani yeye huniandikia kwa chaki yake kwenye meza ya kukatia nguo. Wiki jana tulienda kliniki ya marudio, nesi akatoa karatasi ya maswali, akauliza usingizi, nikajibu, akauliza hamu ya chakula, nikajibu, kisha akauliza, "Baba, katika wiki mbili hizi umewahi kufikiria kujiua, au kuona heri usingekuwepo?" Mimi nikacheka, nikasema, "Huyu? Si amepona juzi tu! Andika hapana, dada," naye akaandika, foleni ilikuwa ndefu, mume wangu akanitazama, halafu akatazama viatu vyake. Tangu turudi anashona kutwa, amemaliza nguo zote za wateja, hata suruali iliyolala kabatini mwaka mzima, hapokei kazi mpya, na juzi mkasi wake mkubwa, ambao hata mimi sikuruhusiwa kukatia uzi, amempa fundi jirani, nami nilikuwa nafurahia bidii yake mpaka nilipoona msumari aliokuwa akiutundika ukiwa mtupu ukutani. Nikirudi kwa nesi kusema nilidanganya, si nitamwaibisha? Na nikimuuliza mwenyewe, si nitamtia wazo kichwani?

Mke wa fundi

JIBU

Pole, mama. Sasa nikuseme kidogo. Swali lile halikuwa lako. Ulizoea kumsemea bei na vipimo, ukamsemea na moyo. Nesi naye ana lake, maana aliyeulizwa alikuwa mbele yake na hakumngoja.

Kliniki huuliza hivyo baada ya matibabu kwa sababu wapo wanaozidiwa wakati huo, uvimbe umekwisha na wageni wamekwisha. Kumuuliza mtu hakumtii wazo. Kama analo, analo tayari, na amelibeba peke yake.

Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia siku ileile nikakwambia uweke chaki mezani, uulize kwa neno lenyewe bila kuzungukazunguka, kisha unyamaze hata kama atakaa nusu saa. Ulinipigia tena unalia. Aliandika "Ndiyo," akaifuta, akaiandika tena. Chini yake akaandika: "Pale kliniki ningesema."

Hukumwacha peke yake hata dakika moja, na asubuhi mlirudi kliniki bila kungoja tarehe ya kadi. Vizuri. Sasa ana mtu wa kuongea naye kila wiki, na mmeniruhusu kuyachapa haya kwa ajili ya wengine wanaowajibia wagonjwa wao. Dawa zake endelea kuzitunza wewe. Mkasi uache hukohuko kwa jirani kwanza, na siku hali yake ikiwa mbaya msingoje wiki iishe, nendeni hospitali.

Mwezi ujao mna marudio. Mpe chaki na kibao, aingie, wewe ukae benchi la nje. Mtu akikuuliza fundi anaendeleaje, mwambie hujui, akamuulize mwenyewe.