Mzigo wa Shambani kwa Mama

Jumatatu, 4 Novemba
Tripu tatu, zote za sokoni. Kabichi zilizooza, maganda ya ndizi, majani ya mahindi. Siku hizi kampuni yetu inawapelekea wakulima taka hizi ziwe mbolea, dampo zinaenda za majumbani tu. Wakulima wanazigombania. Mimi msimamizi wa gari ndiye nasema mzigo upi uende wapi. Mama kaomba mmoja, shambani kwake Misunkumilo.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Njia ya dampo tope tupu. Gari lilikuwa na taka za sokoni, tukapakia na za majumbani humo humo. Dereva akaniuliza, "Dada, hii vipi sasa?" Nikasema peleka kwa mama. Nilijua. Nilikuwa nimelowa na nimechoka.
Mama kapiga vigelegele.

Ijumaa, 15 Novemba
Mama kachomwa sindano mguuni akifukia ile mbolea. Sindano ya bomba la dawa, iliyotumika. Analima peku, siku zote.
Hospitali wamempima, wakampa dawa za siku ishirini na nane za kuzuia Ukimwi. Atapimwa tena. Njiani kila anayemuuliza anamwambia ajali tu, mbolea ya mwanangu nzuri. Natamani ardhi inimeze.

Jumapili, 17 Novemba
Dawa zinamtapisha. Misa hakwenda. Jirani yetu, yule mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe, kaja kumpa pole. Akaomba na yeye aletewe mzigo. Mama akamwitikia, ataleta tu huyu. Nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimemwambia bosi kila kitu. Kanifokea mbele ya watu. Kasimamisha mizigo yote ya mashambani mpaka taka za sokoni zipate gari lake peke yake. Wakulima wananipigia simu kwa hasira. Haki yao.
Mama bado sijamwambia.

Alhamisi, 21 Novemba
Nimesema. Alikuwa anachambua maharage. Mama, nilijua mzigo umechanganyika, nikaruhusu. Hakuinua macho. Alichambua mpaka yakaisha.
"Si ungeniambia tu, mwanangu. Ningevaa viatu."
Bora angenitukana.

Jumamosi, 14 Desemba
Dawa kamaliza. Kipimo cha mwisho bado, mpaka Februari. Mahindi niliyompandia yamechipua. Asubuhi nimeokota vioo shambani, ndoo mbili. Mama alikuja akasimama pembeni. Baadaye akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaenda kuwasha moto.