Sauti Nyuma ya Ngoma

Usinipigie simu. Soma tu.

Ile kanda ya bendi ya mjomba, wimbo wao mrefu wa safari ya angani. Leo nilikuwa naisafisha sauti hapa studio, kila chombo peke yake. Nikazima magitaa, nikazima kinanda cha baba yako, nikabakiza maikrofoni ya ngoma peke yake.

Kuna mtu analia mle. Anagonga mlango, anaomba afunguliwe. Nimerudia mara nne nikidhani ni masikio yangu.

Halafu mjomba, sauti yake kabisa, anamwambia mpiga ngoma: "Usisimame. Kaza, watu wasimsikie."

Watu wasimsikie. Na sisi miaka yote tunausifu urefu wa ule wimbo, eti walipaa wakasahau kushuka.

Ndugu yangu, kinanda kinanyamaza katikati ya wimbo, hakirudi tena. Na anayelia ana kile kikohozi cha baba yako. Simhukumu mtu bado, ila sidhani mzee wako alitoroka kwenda ng'ambo, kama tulivyoambiwa.

Mjomba kaingia sasa hivi. "Umefika wapi?" Nikamwambia bado sijaanza.

Akacheka kidogo. "Vizuri. Basi tuisikilize wote."

Ameenda kuchukua kiti. Nasikia anafunga mlango wa nje.